Harufu ya Iliki Mdomoni mwa Komando

Mama Zuhura aliinua kanga akanionyesha kovu, nami nilikuwa nalijua kabla sijaliona. Shavu la mguu wa kushoto, upande wa nje, mashimo manne yaliyofumba vibaya na mstari mmoja mrefu ulioshuka mpaka karibu na kisigino. Kwa miaka ishirini na kitu nimeliota kovu hilo bila kuwahi kulitazama. Tulikuwa nyumbani kwake Chemchem, chumba kimoja chenye kitanda cha futi nne, friji bovu aliloligeuza kabati la unga, na jiko la mkaa karibu na mlango, ambapo bado anachoma vitumbua vya kuuza ingawa jicho lake moja limeingia ukungu. Mimi nilikuwa mpita njia tu. Lori nililopanda Nzega kwenda Mpanda lilikufa gia mjini Tabora, dereva akasema siku mbili, na siku mbili za kukaa bure siziwezi. Nikaanza kuulizia Ng'ambo na Gongoni, katika watu wangu wa zamani nani bado yupo. Nikaambiwa Mama Zuhura amerudi kutoka Igunga. Nusura nigeuze. Kilichonipeleka ni udadisi, ugonjwa wangu wa siku zote, na nilikwenda nimejiandaa kuomba msamaha kwa niaba ya mbwa. "Shikamoo Mama Zuhura." "Marahaba, marahaba. Ndiye Skola huyu? Kiguu na njia! Hata nyama hujaongeza!" Akanimiminia chai ya tangawizi, akarudi kwenye jiko lake, akawa anageuza vitumbua kwa kijiti, vizuri anavitia kwenye beseni, vilivyoungua anavitenga kwenye sahani ya bati. Tukaongea habari za watu, za mvua, za mguu. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema:

"Kuna kitu nimetaka kukuuliza siku zote. Yule mweusi wenu, mbwa wa Bwana Nasoro. Walimpeleka wapi? Maana nilikuja kusikia tu kwamba hayupo."

Aliuliza kama mtu anayeulizia jirani mzuri aliyehama. Chai ilinimwagikia mapajani na sikusikia moto wake mpaka baadaye. Yule mbwa aliuawa kwa ajili ya mguu ule niliokuwa nautazama. Mji mzima ulijua, na mwenye mguu hakujua.

Habari za kwetu na za wazazi naziruka, hazina la kuongeza hapa. Itoshe kwamba naitwa Skolastika, jina lenye maana ya shule, na shule niliiacha darasa la sita, jambo ambalo limewachekesha mapadri wawili na askari mmoja wa barabarani. Kabla ya mwaka ule nilikuwa nimeanika dagaa Kigoma, nimefunga tumbaku Urambo, nimelima maharage kwenye mashamba ya Warundi wa Ulyankulu, na kila mahali niliondoka siku nilipoona nimeshauliza maswali yote. Tabora niliingia nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikasikia kwamba kuna mfanyabiashara wa asali Gongoni anatafuta mwanamke wa kupika, na kwamba watatu wameshakataa. Hilo la watatu kukataa ndilo lililonivuta. Nyumba ilikuwa ndefu, ya zamani, korido moja kutoka barazani mpaka uani, na ukiingia tu harufu ya nta inakukaa kooni. Madumu ya asali yalipangwa kushoto na kulia, na kiangazi nyuki walikuwa wanaingia kwa dirisha la jikoni kutafuta mali yao. Bwana Nasoro alinikuta nimesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya chini.

"Wewe Mkristo?"

"Ndiyo."

"Mbwa unawaogopa?"

"Inategemea mbwa."

"Huyu usisubiri akutegemee," alisema, akanionyesha banda la matofali mwisho wa ua, lenye mlango wa mbao na komeo la chuma, halina dirisha.

Wezi walikuwa wameingia kwake mara mbili mwaka uliotangulia, wakaondoka na madumu. Ndugu yake wa Dar es Salaam akamshauri aachane na walinzi wanaolala, akamtumia mbwa kwa treni, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu. Pitibuli. Neno lenyewe lilikuwa jipya Tabora. Nilisimuliwa kwamba siku sanduku linashushwa stesheni watu walijaa kuliko siku ya kumpokea waziri, na wapagazi walilibeba kwa miti mirefu ili wasiliguse. Pamoja na mbwa yalikuja maelekezo ya ndugu, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, nami nilisomewa yote. Mchana afungiwe gizani, asione watu, ndipo atakuwa mkali. Chakula kitiwe pilipili. Asiguswe, asichekewe, asiitwe kwa upole. Akishang'ata, taya zake zinajifunga kama kufuli, hata akifa hazifunguki. Jina lake Komando. Ile nyumba ilikuwa ya watu wa dini, na mate ya mbwa kwao ni najisi, ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kumsogelea, wala mimi sikuruhusiwa kurudi kwenye vyombo vya nyumbani kabla sijaosha mikono. Bi Rukia, mke wa Bwana Nasoro, aliniwekea ndoo ya udongo mzuri wa kichuguu kando ya bomba la uani, na kila nilipotoka bandani alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka jikoni, "Tatu! Nne! Hiyo ya tano umeiba, rudia!" Nilimpenda kwa hilo. Hakuwahi kunidharau kwa kazi ile, alitaka tu hesabu itimie.

Siku ya kwanza nilipika ugali na utumbo wa mbuzi, nikatia pilipili kama karatasi ilivyoagiza, nikafungua mlango kiasi cha kupitisha sufuria kwa mti. Ndani giza, joto, uvundo. Nikasikia analamba, kisha chafya. Chafya moja, ya pili, ya tano, kama mzee aliyevuta ugoro mbaya. Nikacheka. Kule gizani chafya zikakoma, na nikasikia kitu kinapiga ukuta, pu, pu, pu. Niliganda. Nilidhani anajirusha ukutani ili atoke. Ila mimi sauti nisiyoijua siwezi kuiacha, bora nife nimeijua. Nilisukuma mlango kidogo zaidi, mwanga ukaingia, nikaona kichwa kama jiwe la kusagia, masikio yaliyokatwa kwa mkasi mpaka karibu na fuvu, kifua cheupe katikati ya weusi, na mkia. Ulikuwa mkia unaopiga ukuta. Nilikuwa nimecheka, na huenda ni kicheko cha kwanza alichokisikia tangu aondoke Dar, na mwili wote kuanzia mbavu kwenda nyuma ulikuwa unatikisika kwa furaha. Alitoka akiwa amefumba macho kwa jua, akanizunguka mara moja, akageuka, akakaa juu ya miguu yangu. Akakaa hasa, kwa uzito wake wote, mgongo ameuegemeza kwenye magoti yangu, uso ameuelekeza uani kama vile mimi ni kiti chake. Nilisimama vile mpaka vidole vikafa ganzi. Sijui ni muda gani. Bi Rukia alichungulia dirishani, akashika mdomo, akaondoka bila kuhesabu chochote.

Pilipili niliacha kumpa, nikawa naila mwenyewe na ugali wangu. Miezi iliyofuata nilijifunza kwamba Komando anaogopa radi, anaogopa ufagio, anaogopa bata wa jirani. Hakuogopa watoto. Mjukuu wa Bi Rukia, aliyekuwa anatambaa, alimfikia siku moja tumeghafilika, akamshika ulimi kwa mkono mzima, na mbwa akafunga macho akasubiri kuachiwa. Sisemi alikuwa malaika. Paka wa jirani alimmaliza kwa tendo moja, sikupata hata muda wa kupiga kelele, na nilipoona nguvu ile nilielewa kwamba kiumbe huyu akitaka kuua hakuna wa kumzuia. Baadaye, katika kuzurura kwangu, nimekutana na wengine wa aina yake. Gereji moja Mwanza nilikuta jike amelala chini ya gari bovu na wanawe, na wana wa fundi, wote kwenye rundo moja. Morogoro nilimwona dume aliyelelewa kwa minyororo na vipigo, akamng'oa bwana wake vidole viwili, na sikushangaa. Bwana mifugo mmoja aliyekuwa abiria mwenzangu alinieleza kwamba hakuna taya zenye kufuli, kwamba ni taya za mbwa kama taya nyingine, zina nguvu na basi, na kwamba mbwa hawa wanampenda mtu kupita kiasi, ndiyo maana mtu anaweza kuwafundisha ubaya wowote, wanautenda ili kumridhisha. Nilimwambia anyamaze kidogo. Akafikiri nina kichefuchefu cha gari.

Siri ya upole wa Komando ilikuwa ya watu watatu, na ilikuwa na sababu. Jioni moja Bwana Nasoro alinikuta namkuna tumbo uani. Alisimama mbali, mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Nilidhani nimefukuzwa kazi. Alisema, "Skola, mimi sina mbwa. Nina habari za mbwa. Zikitoka hapa kwamba anakunwa tumbo, kesho madumu yangu hayapo." Kisha, kama anayeomba, "Wewe una mdomo. Utumie." Na kweli nilikuwa na mdomo. Kila asubuhi nilichota maji bomba la Ng'ambo, kwa kuwa la kwetu lilikuwa linatoka kwa zamu, na pale foleni ya ndoo ni baraza la wanawake wote wa mtaa. Walikuwa wananingoja. "Haya, mlishaji wa simba, leo amekula nani?" Nilianza kidogo kidogo. Nilisema hali ugali, anakula vichwa vya mbuzi na pembe zake. Nilisema halali usingizi. Siku moja, kwa kuwa watu walikuwa wengi na walikuwa wananitazama mdomo, nilisema kwamba kule Dar aliwahi kumshika mwizi ukutani akamng'oa mkono, na mkono ulipookotwa asubuhi saa ilikuwa bado kifundoni, bado inatembea. Ile saa niliitunga palepale, sijui ilitoka wapi. Mwanamke mmoja akaweka ndoo chini taratibu akasema, "Ilikuwa saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, na mimi pia. Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani najiona mtu. Miezi miwili baadaye nilitumwa Urambo kupokea asali, na kule sokoni, umbali wote ule, muuza ndizi nisiyemjua akanisimulia habari za mbwa wa Tabora na mkono wenye saa. Aliapa shemeji yake aliuona. Nilimsikiliza, na nisikilizapo tena moyoni sauti yake, nakumbuka jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: kwa nukta chache niliuona ule mkono. Niliuona, na niliogopa.

Kumfungia gizani mchana kutwa nilishindwa. Alfajiri, wenye nyumba wakiwa kwenye swala, nilimfunga kamba ya mpira wa baiskeli tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukashika njia ya Ujiji, ile ya misafara ya zamani, mpaka nyumba zinapoisha. Nilipenda kufikiria miguu iliyopita pale na mizigo kichwani, miezi mitatu kwenda pwani. Mbwa alipenda kunusa tu. Tukirudi nilimwacha huru uani huku nawasha moto, kisha jua likichomoza namfungia. Katika nafasi ile ya kuwasha moto, robo saa hivi, Komando alikuwa anapotea nyuma ya choo, ambako ua wa mabati ulikuwa umeachana, na akirudi mdomo wake unanukia iliki. Hilo lilinitesa. Mbwa wa kunukia iliki! Nilimnusa kila siku, Bi Rukia akinitukana kwa uchafu. Nilimuuliza, "Bi mkubwa, kuna pilau mnayomwaga huko nyuma?" Akasema, "Pilau ya kumwaga katika nyumba hii umeiona wewe?" Niliuliza kila mtu kila kitu. Kwamba nyuma ya ua wetu, upande wa pili wa kichochoro, Mama Zuhura alikuwa anachoma vitumbua vyake alfajiri kabla ya kuvipeleka barabarani, nilikuwa najua. Nilikuwa navinunua. Sikuwahi kuviunganisha, kwa sababu akili yangu haikumpa mwanamke yule, mwenye udhu wake na hijabu yake, nafasi ya kuwa na lolote na mbwa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu, mwanzo wa kiangazi. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza mkaa niliposikia mayowe kutoka kichochoroni, mayowe ya mwanamke, na beseni linaanguka, na mbwa anabweka. Kisha Komando akaingia kwa tundu la mabati kwa kasi hata akajichana ubavu, akapita mbele yangu bila kunitazama, akajibana nyuma ya pipa la maji. Anatetemeka mwili mzima. Nikamshika kichwa, nikamfungua mdomo. Mafuta. Iliki. Na kule nje watu wanapiga kelele, "Ameumwa Mama Zuhura! Mbwa kamrarua Mama Zuhura!" Ndipo nikapata jibu la swali langu la miezi mitano. Ninakumbuka vizuri lilivyoingia, lilivyotulia, jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake. Iliki ilikuwa inatoka kwa Mama Zuhura, mbwa ametoka kwa Mama Zuhura, Mama Zuhura ameumwa. Nilimtazama Komando na kwa mara ya kwanza sikumwona yeye. Nilimwona yule wa bombani. Nikamvuta mpaka bandani, nikafunga komeo, nikaosha mikono mara saba bila kuhesabiwa.

Mama Zuhura alipelekwa hospitali kwa mkokoteni, na siku ileile baada ya sindano kaka yake akaja kumchukua kwenda kumuuguza Igunga. Mlangoni kwetu, ilipofika saa nne, walikuwa watu mia au zaidi, na mjumbe wa mtaa mbele yao. Bwana Nasoro alitoka barazani na kanzu yake nyeupe. "Tulivumilia," mjumbe alisema, "kwa kuwa ulisema analinda mali. Sasa anakula wazazi wetu." Mtu nyuma akapaza sauti, "Mtu wako mwenyewe kasema, alishang'oa mkono wa mtu Dar!" "Na saa bado inatembea!" akadakia mwanamke, nikamtambua, yule aliyeuliza saa ngapi. Safari hii hakucheka mtu. "Si huyo hapo, Skola, aseme!" Bwana Nasoro akageuka. Mbele ya watu wote akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Alitoka?" Angeweza kupewa majibu mengi. Nikasema, "Alitoka." Nilimwona anazeeka palepale. Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Alimwambia tu mjumbe kwamba hataki mbwa auawe kwa mawe uani kwake, kuna watoto ndani, aitwe mtu mwenye bunduki.

Walimleta Mzee Maganga, mwindaji wa Kinyamwezi aliyekuwa anakaa nje ya mji, na gobore lake limefungwa kwa waya kwenye kitako. Aliamkia watu, "Mwangaluka," wakaitikia, akauliza mnyama yuko wapi. Hakuna wa kumtoa isipokuwa mimi. Nilifungua komeo. Komando alitoka amefumba macho kwa jua kama siku ya kwanza, na watu mia wakakimbia. Mjumbe alipanda juu ya mkokoteni, kijana mmoja alipanda juu ya mwenzake. Mbwa alipoona wageni wengi vile, yeye aliyefungiwa mchana kutwa asione watu, alianza kutikisika kutoka mbavuni kwenda nyuma. Nilimwongoza kwa ile kamba ya mpira mpaka uwanja mtupu nyuma ya nyumba, Mzee Maganga ametangulia. Yule mzee aliposimama, Komando akamzunguka mara moja, akageuka, akakaa juu ya miguu yake.

Mzee alitazama chini. Akanitazama mimi. "Huyu ndiye?"

Nikaizungusha kamba mkononi.

"Binti, mimi nimewinda simba mla watu. Nimewinda fisi mwenye kichaa. Mnyama aliyetoka kumuuma mtu namjua macho." Aliusogeza mguu mmoja, mbwa akausogelea tena. "Nani alimwona? Huyu ndiye?"

Watu walikuwa mbali, wamejipanga ukutani, hawakusikia. Pale tulikuwa watatu tu. Nilikuwa nimeishi na mbwa yule miezi minane, nimemuona akimwachia mtoto ulimi wake. Katika mji wote hakuna aliyemjua kunishinda. Na swali liliulizwa mara mbili, kwa upole, na mtu aliyetaka kusikia hapana. Lakini iliki ilikuwa bado iko kwenye vidole vyangu, na ule mkono wenye saa nilikuwa nimeuona kwa macho yangu ya ndani.

"Ndiye," nikasema.

Alijitoa taratibu, akaniambia nimshike kwa kamba. Sitaeleza zaidi. Niseme tu kwamba Komando alikaa alipoambiwa akae, na kwamba kelele za furaha zilizotoka ukutani zilikatika ghafla katikati, kwa kuwa mzee hakuitikia, alichukua kofia yake akaondoka. Bi Rukia aliniletea ndoo ya udongo mwenyewe mpaka nje. Hakuhesabu. Wiki ile nilipanda treni kurudi Kigoma, na tangu hapo mtu akiniuliza kama naijua Tabora husema nimepita.

Haya yote nilimsimulia Mama Zuhura chumbani kwake Chemchem, huku mkaa unafifia. Nilimwambia umati, mjumbe, gobore. Jibu langu kwa mzee nililiruka. Alikuwa ameacha kugeuza vitumbua, na moshi ulianza kutoka kwenye chuma cha kuchomea.

"Alikufa kwa mguu wangu?" alisema. "Skola. Kwa mguu wangu huu?"

"Walisema amekuuma."

"Nani alisema? Mimi? Mimi niliuma meno tu mpaka Igunga!" Alishika goti kwa mikono miwili. "Aliniuma mbwa wa njano! Wa buchani, yule mwenye mkia nusu, ambaye mlikuwa mnamtupia mifupa wote. Alitaka beseni, nikampiga na mwiko, akanishika mguu. Wenu alikuwepo, ndiyo. Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, namtupia vile vilivyoungua. Ningemwambia nani? Watu wangenunua kwangu tena, wakijua mkono huu unalisha mbwa? Ilikuwa siri yangu mimi na yeye." Akaanza kucheka, machozi yanatoka jicho lile zima. "Na hakunisaidia! Alipoona yule wa njano kakasirika, kitumbua bado kiko mdomoni mwake, akatimua mbio! Lidude lote lile! Nikasema moyoni, ama kweli, huyu naye mwoga kuliko mimi."

Kicheko kikamwishia. Nje mjukuu wake alikuwa anapiga deki, maji yanaburutwa kwenye sakafu. Mimi, mtu aliyezunguka nchi nzima akiuliza watu mambo yasiyomhusu, asubuhi ile nilikuwa hatua thelathini kutoka kwa mwanamke mwenye jibu, anafungwa mguu kwa kanga, na sikwenda kumuuliza ni mbwa wa rangi gani.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema, kana kwamba amenisikia. Kisha, baada ya kufuta uso, "Huyo mzee wa bunduki. Unasema aliuliza mara mbili kama ndiye. Nani alimjibu?"

Nikamwambia. Neno lenyewe, na kwamba tulikuwa watatu tu.

Aliviopoa vitumbua kutoka chumani, vyote vimekuwa vyeusi sasa, mkono wake ukavitenga wenyewe kwenye sahani ya bati. Akaitazama sahani. Akaisukuma mpaka mbele yangu.

"Kula," alisema. "Hivi vilikuwa vyake."

Nikala.